Mume akishuka mlimani ananikuta kwenye tamthilia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Pasua hapa Moshi, ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, sebuleni. Mume wangu ni mpishi wa mlimani, anawapikia watalii wanaopanda Kilimanjaro. Akipata safari anaondoka siku sita, siku saba, na msimu ukikolea anashuka leo, keshokutwa anapanda tena. Tuna watoto wawili: wa kiume yuko darasa la tatu, wa kike ana miaka miwili na nusu.

Nakuandikia kwa aibu. Wenzangu wanakuletea mambo ya waume walevi na ndoa zilizovunjika, mimi nakuja na televisheni. Lakini imenishika, Shangazi. Nikiamka nawasha kabla sijabandika chai. Nashona nikiangalia, nakula nikiangalia. Kuanzia saa moja jioni ni tamthilia: ya Kituruki ikiisha inaingia ya Kifilipino, hiyo ikiisha kuna ya hapa kwetu, mpaka saa sita, saa saba usiku. Zote siku hizi zinaongea Kiswahili, wala huhangaiki kusoma maandishi. Najua nani kazaa na nani huko Uturuki, na jirani yangu wa ukuta mmoja amejifungua nimepata habari baada ya wiki mbili. Usiku nalala ikiwa inaongea. Mdogo naye kazoea, bila sauti ya TV halali. Kuongea bado anaongea maneno machache, ila wimbo wa tangazo la sabuni anaumaliza wote.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya sare za sendofu, magauni kumi na mbili ya mashangazi wa bibi harusi, kitenge cha tausi. Kitenge chenye ndege kina juu na chini, kila fundi anajua. Nilikata usiku, na tamthilia ilikuwa imefika pale mtoto anakaribia kumjua baba yake mzazi. Mteja alipokuja kujaribisha, tukageuza mgongo wa gauni: tausi wote vichwa chini, miguu juu. Magauni mawili yako hivyo. Yule mama hakugomba. Alikishika kitambaa, akakigeuza, akakigeuza tena, akaniuliza, "Fundi, ulikuwa unaangalia nini?" Nikanunua vitenge vingine viwili kwa hela yangu, faida yote ikaishia hapo. Tangu siku hiyo hajaleta kazi.

Halafu wiki iliyopita umeme ulikatika kuanzia saa kumi na mbili jioni. Tukawasha mshumaa, tukakaa. Mwanangu akaanza kuongea, anaongea tu. Katikati ya maneno akasema mwalimu amemhamishia dawati la mbele kwa sababu haoni ubaoni. Nikamuuliza lini. Akasema, "Mama, zamani. Nilikwambia." Mimi sikumbuki kuambiwa.

Kwa mume ndiko kunakoniuma zaidi. Safari moja alishuka Alhamisi, akaoga, akakaa, akaanza kunisimulia habari za mgeni mmoja aliyelia walipofika kambi ya Barafu. Nikamwambia, "Subiri kidogo baba, ngoja matangazo." Akasubiri. Matangazo yalipoingia nikamgeukia, "Enhe?" Akasema, "Basi, nimesahau." Akachukua buti zake akaenda kuzifua uani, usiku ule. Siku hizi akishuka anakaa nje dukani kwa Mangi mpaka nimelala. Siku moja nilipita kununua mafuta ya kula nikamsikia anawasimulia watu habari za mlimani, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ile hadithi sijawahi kuisikia.

Wifi yangu anasema niiuze. Mama mkwe anasema ni pepo, niende nikaombewe. Mume hasemi kitu, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Zamani sikuwa hivi. Ilianza mwaka juzi, mume alipochelewa siku moja kushuka, simu haipatikani, nikakesha na TV mpaka asubuhi. Kumbe kuna mgeni alizidiwa wakawa wanamshusha. Akafika mzima, tukacheka, yakaisha. Lakini hayo siyo ninayokuuliza. Ninachouliza ni hiki: niiuze au kuna njia nyingine?

Mama wa Pasua

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na asante kwa kuandika bila kujificha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema "hayo siyo ninayokuuliza." Ruhusu nianzie hapo hapo, maana naona swali lako limejificha ndani yake.

Usiku ule wa mwaka juzi ulikuwa peke yako na watoto, mumeo hajulikani alipo, na mlima wenyewe unaonekana ukitoka tu mlangoni. Mke wa mtu wa mlimani anajua mambo ambayo mgeni mwenye tiketi hayajui. Anajua Barafu iko zaidi ya mita 4,600, baridi yake si ya kuhadithiwa. Anajua mwinuko haumchagui mwenye buti nzuri, na mpishi hata kama hapandi mpaka kileleni bado analala kule kule na kupumua hewa ile ile nyepesi. Ulihitaji kitu cha kuzuia mawazo, ukawasha televisheni. Usiku ule ilikusaidia, na silioni kosa lako hapo. Tatizo ni kwamba mume alirudi, mkacheka, yakaisha kwake, lakini kwako hayakuisha. Tangu siku hiyo akipanda unawasha, na kwa kuwa anapanda kila mara, haikuzimwa tena. Unakesha bado, mwanangu. Unamsubiri mtu ambaye ameshafika, yuko nje dukani kwa Mangi.

Kwa hiyo mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba maombi ni mazuri na utayapokea, ila hapa hakuna pepo. Na wewe acha kujiita mvivu moyoni mwako, maana naona hilo neno linanukia kwenye barua ingawa hukuliandika. Mvivu hashoni magauni kumi na mbili.

Sasa nikueleze kwa nini imekushika kiasi hicho, kwa sababu ukijua mtego ulivyotegwa unaacha kujilaumu na unaanza kuutegua. Macho yetu yameumbwa kugeukia chochote kinachosogea ghafla au kulia ghafla. Ndivyo tulivyojikinga na nyoka na chui. Televisheni inabadilisha picha kila baada ya sekunde chache, na kila picha ikibadilika jicho linaitwa upya. Ndiyo maana mtu anaweza kuongea na wewe huku macho yamekwenda ukutani bila yeye kupenda. Watafiti wawili wa Marekani, Robert Kubey na Mihaly Csikszentmihalyi, waliandika mwaka 2002 kuhusu watu waliowafuatilia kwa vifaa vya kuwaita mara kadhaa kwa siku, waeleze wanafanya nini na wanajisikiaje. Waliokuwa wanaangalia televisheni walisema wametulia. Lakini ikizimwa, utulivu unaondoka hapo hapo, na kinachobaki ni ule uzito wa mwili na akili. Sasa mtu aliyetulia akiangalia, akachoka akizima, atafanya nini? Atawasha tena. Nadhani unaijua hali hiyo kuliko mimi.

Ongeza na tamthilia zenyewe. Zimeandikwa zikatike pabaya, makusudi kabisa. Mtoto hamjui baba yake leo, atakaribia kumjua kesho, keshokutwa barua itaibiwa. Na mimi nakumbuka tulikotoka. Huku Bara vituo vya televisheni tulianza kuvipata mwaka 1994, Zanzibar wakiwa wametutangulia tangu miaka ya 1970. Tulikuwa tunajazana kwa jirani mmoja mwenye TV, watoto wengine wamening'inia dirishani, na ikifika usiku kituo kinafunga matangazo. Mnatazamana, mnaagana, mnakwenda kulala. Kulikuwa na mtu huko studio anayewaambia basi. Leo hakuna wa kukuambia basi. Mashine inaendelea mpaka kifurushi kiishe au LUKU ikate, na ndiyo maana uliona maajabu ule usiku umeme ulipokatika: kwa mara ya kwanza matangazo yalifungwa nyumbani kwako, na mtoto akapata nafasi ya kusema.

Kufunga matangazo sasa ni kazi yako. Ila usianze na rimoti, anza na mumeo.

Je, umewahi kumwambia kwamba usiku ule uliogopa? Kwa barua yako naona mlicheka tu. Yeye anachojua ni kwamba ana mke anayependa tamthilia kuliko hadithi zake. Hajui kwamba hiyo televisheni iliwashwa kwa ajili yake. Akishuka safari hii, usimwombe msamaha mrefu wala usimwahidi mambo makubwa. Mpe maji ya moto, mpikie mtori, watoto wakishalala mwambie maneno haya au yanayofanana nayo: "Ile siku uliyochelewa nilidhani umekufa. Nikawasha TV nisisikie mawazo yangu, mpaka leo sijaweza kuizima." Halafu nyamaza. Usimwongezee maelezo. Mwache ayapokee kwa namna yake. Wanaume wetu wengi wa huku hawana maneno mengi kwa mambo ya namna hii, anaweza akajibu tu "sawa" na kuinuka kwenda kuangalia mlango kama umefungwa. Usilichukulie vibaya. Kesho yake utaona.

Na yeye ana sehemu yake, mwambie ukweli huo pia. Simu haishiki kila mahali mlimani, lakini kuna sehemu inashika. Kubalianeni akifika hapo atume neno moja tu, "Mzima." Na kabla hajaondoka akuandikie kwenye karatasi siku ya kupanda, kambi atakazolala, siku ya kushuka Mweka, na namba ya mtu wa ofisini kwao unayeweza kumpigia akichelewa. Karatasi hiyo ibandike karibu na cherehani. Hofu yako si ya kijinga, ina msingi, na hofu yenye msingi inatulizwa na habari. Tamthilia haiwezi kukuambia mumeo yuko wapi.

Kuhusu kazi, hapo nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ni riziki ya watoto. Geuza cherehani leo. Mgongo uangalie televisheni, uso uangalie dirisha, na mwanga utaupata mzuri zaidi. Ukihitaji sauti ya kukufariji, weka redio. Redio inachukua masikio na kukuachia macho, na mafundi wa zamani wameshonea nayo maisha yao yote. Kukata kitambaa, hasa kitenge chenye juu na chini, kufanyike asubuhi, TV imezimwa kabisa, hata kama mteja ana haraka. Na yule mama wa tausi mfuate. Usisubiri arudi. Mpelekee kitu kidogo ulichomshonea kwa mkono wako, kibegi cha vipande vya kitenge kile kile kama vilibaki, umwambie umebadilisha utaratibu wa kazi. Mtu aliyekuuliza "ulikuwa unaangalia nini" badala ya kukutukana bado anakutaka.

Watoto. Huyu mkubwa mpeleke akapimwe macho wiki hii, usingoje likizo. Usijisulubu kwamba televisheni ndiyo imemharibu, maana mara nyingi ni kinyume: mtoto anaisogelea TV kwa sababu tayari haoni mbali. Kinachojulikana ni kwamba watoto wanaocheza nje mchana, kwenye mwanga wa jua, uwezekano wa kupata tatizo hilo la kutoona mbali unapungua. Kwa hiyo akitoka shule atoke nje kwanza, mpira, baiskeli, chochote. Lakini lililonigusa mimi si macho. Ni lile neno, "Mama, nilikwambia." Kila siku mtafutie dakika kumi zake, hata akiwa anakusaidia kuokota pini sakafuni. Usimhoji. Nyamaza karibu naye tu, ataongea, umeshaona anajua kuongea.

Huyu mdogo ananipa wasiwasi zaidi, na naomba unisikilize vizuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajafika miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wako anaishi nayo tangu kuamka mpaka kulala. Mtoto anajifunza kuongea kwa kujibiwa. Akisema "maa", wewe ukasema "unataka maji?", hapo ndipo lugha inapozaliwa. Tangazo la sabuni halimjibu, linamwimbia tu, naye amelishika kama kasuku anavyoshika. Kwa umri wake anatakiwa awe anaunganisha maneno, "mama njoo", "nipe maji", na zaidi ya hapo. Kama bado anatoa neno moja moja, mpeleke kliniki waangalie masikio na maendeleo yake. Huenda hana tatizo lolote zaidi ya kukosa mtu wa kuongea naye, lakini tuhakikishe. Usiku, punguza sauti ya TV kidogo kila siku mpaka iishe, na wewe umwimbie. Sauti yako anaijua tangu tumboni, ataihamia tu. Atalia siku mbili tatu. Vumilia.

Sasa swali lako: uiuze? Sikushauri. Ukiuza kwa hasira utanunua nyingine kwa mkopo kabla ya Krismasi, au utahamia kwenye simu, na simu inakufuata mpaka kitandani. Tena kuangalia tamthilia si dhambi. Mwanamke aliyeshona kutwa nzima ana haki ya kukaa akaona mapenzi ya watu na nguo nzuri. Chagua moja. Moja tu, ile unayoipenda kweli, hizo nyingine zinazopita baada yake ziache zipite. Ikiisha, zima ukutani kwenye swichi, siyo kwa rimoti, kwa sababu kile kitaa chekundu kinavyokukonyeza nakijua. Siku mume yuko nyumbani usiangalie hata hiyo moja. Hutakosa kitu, nyingi zina marudio mchana au mwisho wa wiki, na ukweli ni kwamba ukikosa wiki nzima ukirudi unakuta barua bado haijasomwa. Kifurushi cha mwezi kikiisha usikimbilie kulipa. Ving'amuzi vingi vina vifurushi vya siku au vya wiki, nunua hicho, ili kuangalia kuwe jambo unaloliamua, lisiwe jambo lililokwisha kulipiwa linalokudai.

Wiki ya kwanza itakuwa ngumu, nisikudanganye. Kimya kitakuwa kizito. Utasikia mbwa, utasikia bodaboda ya mwisho, na utasikia mawazo yako yale ya mwaka juzi yakirudi. Yakija, usiyakimbie. Amka, soma ile karatasi ya cherehani: leo ni siku ya ngapi, yuko kambi gani. Au gonga ukuta kwa huyo jirani aliyejifungua. Mwenye mtoto mchanga yuko macho saa hizo hizo, na hujampelekea hata uji. Kesho nenda. Kama baada ya wiki mbili tatu umezima kweli na bado usingizi hauji, au unalia bila sababu, au moyo unakwenda mbio kila akiondoka, nenda kamwone daktari na umweleze yote. Hofu ikikaa sana mwilini inatibiwa, na siyo jambo la kulionea haya.

Kitu kimoja cha mwisho ninachokuomba. Yule mgeni aliyelia Barafu, sijui alikuwa analilia nini, na wewe pia hujui. Mumeo anajua. Alisema amesahau, lakini mtu hasahau kitu kama hicho. Siku atakayoshuka, ukishamwambia la kwako, muulize.

Halafu uniandikie, nami nataka kujua.

Shangazi yako